Bakteria Hawakaushi Tope Ambalo Halijachujwa

Gari la majitaka la lita 10,000 likimwaga mzigo wake kituoni, na tope likawa na yabisi ya asilimia 2, vitu vikavu ndani ya mzigo wote huo ni kilo 200 tu. Kilo 9,800 zilizobaki ni maji. Ukipunguza maji hayo hadi yabisi ifike asilimia 20, umeshaondoa lita 9,000 na umebaki na tani moja ya kitu kinachobebeka kwa chepe. Kutoka hapo hadi yabisi ya asilimia 90 unaondoa lita 778 tu nyingine, na hizo ndizo zinazokula pesa, muda na umeme.

Hesabu hiyo fupi inatosha kuyachuja mapendekezo mengi yanayofika mezani kwa mamlaka za maji za miji ya Afrika Mashariki. Moja ni pakiti za unga wa bakteria wanaodaiwa "kula" tope shimoni. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kilizipima bidhaa za namna hiyo na hakikuona tofauti ya maana kati ya tope lililowekewa unga na lile lisilowekewa. Si ajabu: kinyesi kinakuja na mabilioni ya bakteria wake, na kuongeza kijiko kimoja hakubadilishi kitu. Pendekezo lingine, lenye mantiki zaidi, ni kutumia joto la bakteria wanaopumua hewa kulikausha tope bila kuni wala jua. Hili linafanya kazi kweli. Tatizo ni kwamba linauzwa kama hatua ya kwanza, ilhali ni ya tatu. Maji mengi lazima yatoke kwa kuchujwa. Bakteria wa joto waje kumalizia. Na kabla ya kuchuja kuna uamuzi wa getini ambao haugharimu karibu chochote, na ndio unaopuuzwa kuliko yote.

Maji ya kwenye tope si ya aina moja. Kuna maji huru, yanayojitenga yenyewe ukiliacha tope litulie. Kuna yaliyonaswa katikati ya chembe. Kuna yaliyoshikwa ndani ya ute ambao bakteria hujizungushia, mchanganyiko wa protini na sukari za minyororo mirefu. Na kuna yaliyo ndani ya seli zenyewe. Ute ndio adui mkubwa. Ni kama wa bamia: ukiukamua hauachii maji, unateleza nayo. Chembe zake zina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana badala ya kushikana. Kalsiamu na magnesi, zenye chaji mbili, huzifunga pamoja zikawa mabonge yanayozama. Sodiamu, potasiamu na amoniamu, zenye chaji moja, huchukua nafasi hizo bila kufunga chochote. Ndiyo maana tope lenye mkojo mwingi ni gumu kuchuja, na ndiyo maana maeneo ya pwani yanayosukuma vyoo kwa maji ya kisima yenye chumvi yana tatizo la ziada.

Sasa linganisha magari mawili. La kwanza limetoka choo cha kulipia cha stendi kinachonyonywa kila wiki. Tope lake ni bichi, la kahawia au manjano, lina povu na ute wote bado upo. Ukilimwaga juu ya mchanga linaziba matundu na kukaa kama uji. La pili limetoka kwenye karo la nyumba lililokaa miaka mingi bila kufunguliwa. Tope ni jeusi, la punjepunje, maji yanajitenga mbele ya macho. Bakteria wasiohitaji hewa wameshaula ule ute kwa miaka yote hiyo. Lakini wameula pamoja na chakula ambacho bakteria wa joto wangekitumia. Huu ndio mtego wa kazi hii: tope lenye nishati halitoi maji, na linalotoa maji halina nishati. Mtambo wa bakteria ukiwekwa mahali ambapo magari yote humwaga kwenye shimo moja, msimamizi hajui leo ana tope gani, na kipimajoto kitampa majibu tofauti kila wiki.

Kipimo cha getini ni rahisi. Chota lita moja kwenye chombo kinachoonyesha ndani, kiache saa moja. Tope likizama na kuacha maji yanayopitisha mwanga juu, ni kongwe. Likibaki limechafuka lote, au likapanda juu kwa gesi, ni bichi. Rangi na umbile pekee vinasema mengi. Watafiti waliofanya kazi Lusaka walitumia vitu hivyo, pamoja na pH (kipimo cha tindikali) na uwezo wa kupitisha umeme, kukadiria jinsi tope litakavyochujika. Muulize pia dereva ametoka wapi na ameongeza maji kiasi gani kulilainisha tope kabla ya kunyonya. Ila dereva hana sababu ya kusema kweli kama ada inategemea jibu lake, kwa hiyo kwa kuanzia ada iwe moja. Kwa tope linaloletwa na vyura, wale wanaozamia mashimo kwa ndoo, ulizia mafuta ya taa: humwagwa ndani kuua harufu, na hayo hayaiachi salama jamii ya bakteria unayoitegemea baadaye. Msimu wa mvua, watu wanapotapisha vyoo mtaani, kiasi kinachofika kituoni kinaweza kushuka na kuwa chepesi kwa wakati mmoja.

Ukishajua kilicho kwenye gari, changanya kwa makusudi. Kwenye kituo cha Buobai, Kumasi nchini Ghana, tope la vyoo vya umma lilichanganywa na la makaro kwa uwiano wa 1 kwa 2 kabla ya kumwagwa kwenye vitanda vya kukaushia. Tope kongwe linalipatia lile bichi njia ya kutolea maji, na lile bichi linaacha nishati kwenye keki, yaani tope zito linalobaki kitandani baada ya maji kuchujika. Hapa ndipo ule mtego unapolegea, na haujatumia hata uniti moja ya umeme.

Kitanda chenyewe kinajulikana, lakini kinajengwa vibaya mara nyingi mno. Chini kabisa sentimita 15 hadi 20 za kokoto kubwa, juu yake sentimita 10 hivi za kokoto ndogo, kisha sentimita 20 hadi 30 za mchanga ulioshwa. Mchanga wenye vumbi la udongo huziba ndani ya mizunguko michache, na anayelaumiwa ni tope. Mlango wa kuingizia uwe na bamba la kuvunja kasi ili mkondo usichimbe shimo. Kabla ya kitanda pawe na chujio la nondo, maana mashimo ya mijini yamejaa pedi, matambara, chupa na nywele za bandia. Kila ukwanguaji huondoka na mchanga kidogo. Usiporudishwa, baada ya mwaka unachujia kwenye kokoto.

Faida halisi ya bakteria wa joto iko kwenye eneo la kitanda, na haitajwi na wauzaji wa mitambo. Chukua tope lililofanywa zito kwa kutulia hadi yabisi ya asilimia 4, limwage kina cha sentimita 25. Kila mita ya mraba imepokea kilo 10 za yabisi. Ukisubiri wiki tatu hadi keki ikauke vizuri, unapata mizunguko 17 kwa mwaka, yaani kilo 170 kwa mita ya mraba. Ukiiondoa siku ya 12, ikiwa bado na maji asilimia 75, unapata mizunguko 30 na kilo 300. Kituo cha Lubigi, Kampala, kilisanifiwa kupokea mita za ujazo 400 za tope la vyoo kwa siku. Kwa tope la asilimia 2, hizo ni tani 8 za yabisi kila siku. Mzunguko wa wiki tatu ungedai zaidi ya mita za mraba 17,000 za vitanda. Ule wa siku 12 ungetosheka na chini ya 10,000. Mjini, ambako kila ekari ina mtu anayeitolea macho, tofauti hiyo ni kubwa kuliko bei ya blowa, ile feni inayowapulizia bakteria wa joto hewa ndani ya rundo la keki.

Lakini keki ya asilimia 75 itapata joto la kutosha? Mhandisi Roger Haug, aliyeandika sana juu ya mboji ya majitaka, alitoa kipimo kizuri: gawanya uzito wa maji kwa uzito wa vitu vya kuoza vinavyoweza kuliwa na bakteria. Jibu likiwa chini ya 8, joto linatosha kukausha. Likizidi 10, rundo litapoa likiwa bado bichi. Tuchukue tani moja ya keki ya mchanganyiko tuliotaja, maji asilimia 75. Yabisi ni kilo 250. Tuseme asilimia 70 ya hizo ni vitu vya kuoza na nusu yake inalika: kilo 87. Kilo 750 za maji gawanya kwa 87 unapata 8.6, yaani pembezoni kabisa. Keki hiyohiyo ikitoka kwenye mashine ikiwa na maji asilimia 80, jibu linapita 11 na hakuna blowa itakayoiokoa. Na keki ya makaro matupu, yenye asilimia 55 ya vitu vya kuoza na theluthi tu inayolika, inatoa 16 na zaidi. Mtambo wa bakteria uliojengewa keki ya namna hiyo utakuwa banda la gharama la kupitishia upepo.

Kwa hiyo lazima kuongeza kitu kikavu. Unga wa mbao wenye maji asilimia 12, kilo 260 kwa kila tani ya keki, hushusha mchanganyiko hadi maji asilimia 62 na uwiano wa Haug hadi karibu 7. Kilo 260 za unga wa mbao ni zaidi ya mita moja ya ujazo, na siku hizi hazitolewi bure. Pumba za mpunga zinatoa matundu ya hewa lakini karibu hazitoi joto, kwa kuwa zimejaa silika. Maganda ya kahawa ni mazuri Kampala, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa yanafaa pwani. Taka za sokoni, ambazo kila mpango wa "uchumi wa mzunguko" huzitaja, zina chakula kingi cha bakteria lakini maganda ya ndizi na mboga yana maji zaidi ya asilimia 80. Ukiziweka bila kuzianika umejaza maji uliyokuwa unayafukuza. Njia ya bei nafuu ni kurudisha tope lililokwisha kukauka. Likiwa na maji asilimia 40 itabidi kilo 590 kwa tani ya keki, na halileti matundu, basi lichanganywe na vipande vya mbao vinavyochekechwa na kutumika tena.

Ghuba ya kukaushia, mahali rundo la mchanganyiko huo linapopulizwa hewa, iwe na sakafu ya zege yenye mteremko wa asilimia 1 au 2, mabomba ya plastiki ya inchi 4 yaliyotobolewa, na juu yake sentimita 20 za vipande vya mbao ili matundu yasizibwe. Rundo lipande mita 1.5 hadi 2. Likizidi hapo uzito wake unabana matundu ya chini. Juu funika kwa sentimita 15 za tope lililokauka: linashika harufu na kuiweka ngozi ya rundo kwenye joto. Paa ni lazima. Ukishika mchanganyiko kwa glavu na kuuminya, ushikane bila kudondosha maji. Ukidondosha, usiwashe blowa, ongeza kikavu kwanza.

Kazi ya hewa haieleweki vizuri hata kwa mafundi. Oksijeni inayohitajika ni kidogo. Hewa nyingi ni kwa ajili ya kubeba mvuke. Hewa ya Dar es Salaam ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 inaingia na gramu 20 za mvuke kwa kila kilo ya hewa kavu. Ikitoka kwenye rundo ikiwa nyuzi 50 imeshiba gramu 86. Kila kilo inaondoka na gramu 66, hata siku ya masika ambayo kitanda cha nje hakikauki kabisa. Kutoa lita 300 kwenye tani moja ya mchanganyiko kunahitaji takriban mita za ujazo 3,900 za hewa, wastani wa 12 kwa saa kwa wiki mbili, na bakteria watakuwa wameunguza kilo 42 hivi za chakula. Mchanganyiko utakuwa umeshuka kutoka maji asilimia 62 hadi karibu 50. Kufika 40 kunataka lita 430 zitoke na kilo 60 ziungue, jambo linalowezekana lakini linabana. Kwa ghuba ya tani 20, blowa ya kilowati 1.5 ikiwashwa theluthi moja ya muda itatumia uniti 170 kutoa lita 6,000. Kuyachemsha maji hayohayo kwa umeme kungekula zaidi ya uniti 3,700.

Anza na dakika 5 za hewa kwa kila 15 za kupumzika, kisha fuata kipimajoto, si saa. Siku ya pili au ya tatu katikati pafike nyuzi 50. Pakikwama kwenye 40, chunguza mambo kwa mpangilio: unyevu, halafu kama kuna aliyemwaga chokaa kwenye tope kuua harufu, kwa sababu chokaa ikipandisha pH hadi 12 umeua wafanyakazi wako wote. Pakizidi 65, ongeza hewa. Harufu ya mayai viza ni ukosefu wa hewa. Harufu kali ya amonia inayochoma pua ni nitrojeni iliyozidi kaboni, ongeza unga wa mbao. Baada ya wiki moja geuza rundo, kwani hewa hutafuta njia nyepesi na kuacha mabonge mabichi pembeni, na mvuke unaopanda huganda kwenye tabaka la juu na kulilowesha.

Kuna kosa moja la hatari kuliko hayo. Fundi mwenye haraka akipuliza sana, rundo linakauka chini ya asilimia 40 mapema, bakteria wanalala, joto linaanguka, na mayai ya minyoo yanabaki hai ndani ya kitu kinachoonekana safi. Kanuni za Marekani zinataka rundo linalopulizwa hewa likae nyuzi 55 au zaidi kwa siku 3 mfululizo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza zaidi ya nyuzi 50 kwa wiki nzima au zaidi. Wiki ya kwanza basi ni ya kuua, hewa iwe ya kiasi. Ukaushaji wa kasi uje baadaye. Na kipimo kichukuliwe kwenye pembe ya rundo yenye baridi zaidi, kwani mayai yaliyo katikati hufa kila mara.

China wana njia nyingine kabisa. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing, wakiongozwa na Zhou Lixiang, walikuza matumizi ya Acidithiobacillus, bakteria wanaoishi kwa kuoksidisha chuma na salfa. Wakipewa vitu hivyo pamoja na hewa, pH ya tope hushuka, chuma chenye chaji tatu hufuta ile chaji hasi ya chembe, ute unasambaratika, na mashine ya kukamua inatoa keki yenye maji chini ya asilimia 60. Kiwango cha China cha 2009 kwa tope la kufukiwa dampo kinadai asilimia 60, kwa hiyo soko lilikuwapo. Ugumu wake uko kwenye kujua pa kukomea: karibu na pH 2.5 tope linachujika vizuri sana, ukiacha tindikali iendelee seli zinapasuka, zinamwaga vilivyomo, na uchujaji unaharibika upya. Asidi za tope bichi pia huwadhoofisha bakteria hao, hata ikabidi kuwaongezea hamira za kuzila. Maji yanayotoka yanahitaji chokaa. Kwa kiwanda kikubwa chenye maabara ni sawa. Kwa kituo kinachopokea magari ya kila aina bila kujua yalikotoka, ni kujitafutia balaa.

Biogesi nayo hutajwa kama dawa ya maji. Inapunguza vitu vya kuoza, mara nyingi kwa asilimia 40 hadi 50, lakini kinachotoka kwenye mtungi ni kimiminika kile kile chenye amonia zaidi, na chakula cha bakteria wa joto kimeshageuka methani. Anayetaka gesi ajenge mtungi kwa ajili ya gesi, na bajeti ya kuchuja iwe palepale.

Swali la mwisho ni nani atakayenunua. Tope kavu la vyoo kutoka Kumasi, Dakar na Kampala lilipimwa na kukutwa na nishati ya wastani wa megajuli 17 hivi kwa kilo, si haba mbele ya tanuri la matofali. Lakini kila kilo ambayo bakteria wameiunguza kukausha rundo ni kilo iliyotolewa kwenye mafuta ya mteja huyo, na majivu yake yanapanda. Mteja akiwa tanuri, toa keki kitandani uimalizie kwenye banda la jua lenye paa la plastiki, bila blowa, hadi ishuke chini ya asilimia 10 ya maji, na umwambie mkwanguaji aache mchanga nyuma. Mteja akiwa shamba, ghuba ya hewa ndiyo yenye maana, kwa sababu joto lile lile linaua minyoo. Nyaraka za zabuni zimtaje mteja huyo na ziambatishe vipimo vya vitu vya kuoza vya tope la misimu yote miwili, masika na kiangazi, kabla ya kutaja ukubwa wa mashine yoyote.